QGIS kwa mpangaji wa barabara: hodari wa kuunganisha mitandao, mgeni kwa malori

Mpango wa usafiri wa mji huharibikia mpakani. Ndani ya mji njia ya baiskeli imechorwa vizuri, ina upana wake na aina yake. Ikifika mwisho wa eneo la halmashauri inakatika ghafla, au inaendelea upande wa pili mita arobaini kando, au inaangukia barabara ambayo mamlaka ya kanda imeitenga kwa mizigo mizito. Tathmini hii inaipima QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, kwa kazi hiyo moja tu: kuweka mtandao wa mji, njia za baiskeli za kanda, barabara kuu na njia za malori kwenye meza moja, kisha kuonyesha pasipokutana. Uchoraji wa ramani za kuvutia hauhusiki hapa, na hata hivyo programu inauweza.

Hukumu yenyewe, kwa asiye na muda: kwa kukagua viungo vya mipakani hakuna sababu ya kununua kitu kingine. Kwa mtandao wa baiskeli inatosha, mradi data isafishwe kwanza. Kwa malori haitoshi peke yake, na atakayeitegemea bila huduma ya nje atapeleka lori chini ya daraja ambalo haliwezi kulipita.

QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ni huria, na haina ada ya leseni. Matoleo mapya hutoka kila baada ya miezi minne, na moja kati ya hayo hutunzwa kwa muda mrefu. Ofisi ya mipango itumie hilo linalotunzwa, basi. Hakuna faida ya kukimbilia toleo la jana ikiwa programu jalizi (kiendelezi kinachoongezwa kwenye QGIS) mnayoitegemea haijafunguka ndani yake. Waliohama kutoka toleo la 2 kwenda la 3 mwaka 2018 wanakumbuka viendelezi vilivyokufa siku moja.

Data inaingia vipi

Mji huwa na faili zake, kanda ina zake, na katikati ya hizo mbili OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayojazwa na watu wa kujitolea, huziba mapengo. Programu jalizi ya QuickOSM inavuta barabara za eneo dogo kwa kuandika ufunguo highway (lebo ya barabara katika OpenStreetMap) na kubofya mara moja. Inafaa kwa mtaa au mji mdogo. Kwa kanda nzima huduma ya Overpass iliyo nyuma yake itakata ombi kabla halijaisha, na kurudia ombi lile lile hakubadilishi kitu. Pakua faili la .osm.pbf (data ya OpenStreetMap iliyobanwa) kutoka tovuti ya Geofabrik, ulikate kwa programu ya osmium, kisha uligeuze kuwa GeoPackage (hifadhidata ya ramani ndani ya faili moja) kwa zana ya ogr2ogr. Kulifungua pbf kubwa moja kwa moja ndani ya QGIS kunawezekana, lakini kila ukisogeza ramani linasomwa tena, na utachoka.

Usikate kwenye mpaka wenyewe. Kinachotafutwa kiko mpakani, kwa hiyo acha kilomita tano au zaidi nje ya mpaka pande zote. Wengi hukata kwa mstari wa halmashauri ili faili liwe dogo, kisha wanashangaa ukaguzi ukisema hakuna kasoro: upande wa pili hawakuuleta.

Faili la pbf likiingia linagawanyika katika matabaka matano. Barabara ziko kwenye lines. Njia rasmi za baiskeli zilizokusanywa kama route ziko kwenye multilinestrings, na ngazi yake iko kwenye lebo ya network: lcn ni ya mtaa, rcn ya kanda, ncn ya taifa, icn ya kimataifa. Hapo ndipo utaona kama njia ya mji imepachikwa kwenye ile ya kanda au zinapishana tu. Tatizo la kwanza litatokea mara moja: ukifungua jedwali la sifa la lines hutaona maxheight (kikomo cha kimo), maxweight (kikomo cha uzito), hgv (ruhusa ya malori) wala oneway (mwelekeo mmoja). Hazijapotea. Zimebanwa pamoja kwenye safu ya other_tags. Zana ya "Explode HStore Field" inazifumua. Iandikie majina ya safu unazotaka tu, vinginevyo utapata mamia ya safu ambazo karibu zote ni tupu.

Safu ya maxheight inahitaji jicho la binadamu. Kawaida thamani ni mita bila kipimo, mfano 3.8, lakini pia kuna "4 m", "default", "none", na katika nchi zinazotumia futi kuna 12'6". Mtu mwenye haraka huandika fomula ya kuchukua tarakimu za mwanzo na kuzigeuza namba. Daraja la futi 12 na inchi 6, yaani mita 3.81, linasomeka mita 12, na kwenye ramani linakuwa daraja la juu kuliko yote ya kanda. Chuja kwanza thamani zenye alama ya futi, geuza inchi zake kuwa sehemu ya futi, zizidishe kwa 0.3048, ndipo uendelee. Na safu iliyo tupu ina maana moja tu, kwamba hakuna aliyeandika kipimo. Usiichukue kama ruhusa ya kupita.

Kuhusu leseni, neno moja. OpenStreetMap iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata huria, tangu 2012. Ukiichanganya na faili za mamlaka kuwa hifadhidata moja na kuitoa hadharani, hifadhidata hiyo nayo inafuata masharti yale yale. Mamlaka ya kanda inaweza isikubali. Njia salama ni kuyaacha matabaka yakae mbalimbali na kuyaoanisha kwa namba za utambulisho.

Mita ambazo si mita

QGIS hurekebisha matabaka yakae pamoja kwenye skrini hata kama mifumo yake ya viwianishi (namba za kutaja mahali) inatofautiana. Hiyo ni fadhila na ni mtego. Macho yanaona mistari imelaliana vizuri, lakini zana za uchakataji hutumia vipimo vya tabaka lenyewe. Bafa (eneo linalozunguka kitu kwa umbali fulani) ya 10 kwenye tabaka la EPSG:4326, mfumo wa nyuzi za latitudo na longitudo, ni nyuzi kumi, zaidi ya kilomita elfu moja. Angalau kosa hilo linajionyesha. La hatari zaidi ni EPSG:3857, mfumo wa ramani za mtandaoni, kwa sababu inadai mita. Karibu na ikweta mita hizo zinakaribia ukweli. Kwenye latitudo ya 30 zimezidi kwa takriban asilimia 15, na kwenye 60 zimekuwa mara mbili. Bafa ya mita 20 huko ni mita kumi za ardhini, na nusu ya viungo vyako vitaonekana vimekatika. Hamishia kila tabaka kwenye ukanda wa UTM (mfumo wa viwianishi wa mita) wa eneo lako kwa "Reproject layer" kabla ya kazi nyingine yoyote, na faili jipya liandikwe jina linalotaja mfumo huo.

Achana na shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, kwa kazi hii. Majina ya safu yanakatwa kwenye herufi kumi, na lebo ndefu mbili zinazoanza sawa zinabaki na majina yasiyoeleweka.

Baada ya hapo ni vipeo, yaani nukta zinazounda mstari. Uchambuzi wa mtandao ndani ya QGIS huunganisha mistari pale tu inapokuwa na kipeo cha pamoja. Faili la kanda mara nyingi lina mstari mmoja mrefu wa barabara kuu unaopita juu ya mitaa ishirini bila kipeo hata kimoja kwenye makutano, kwa sababu aliyeuchora alikuwa akipanga safari za kati ya miji. Kwa macho ni makutano. Kwa programu mistari hiyo haijuani. Zana ya v.clean ya GRASS (programu ya uchambuzi inayotumika ndani ya QGIS), kwa chaguo la break, inakata mistari yote inapovukana na kuweka vipeo. Ila itakata pia kwenye madaraja, na ghafla baiskeli inashuka kutoka barabara ya juu hadi ile ya chini bila ngazi. Toa kwanza vipande vyenye lebo ya bridge (daraja) na tunnel (handaki), kata vilivyobaki, kisha virudishe.

Watu hukimbilia njia ya mkato: kuongeza umbali wa kuruhusu kwenye zana ya njia fupi, ambao kwa kawaida ni 0. Mita moja hadi mbili inaponya mistari iliyokosana kidogo. Ukiweka mita 10, utaunganisha barabara kuu na njia ya huduma iliyo kando yake, au leni mbili za pande tofauti. Kwa mistari ya mji na kanda iliyokosana kwa mita tano hadi kumi na tano, tumia "Snap geometries to layer" na uvute mistari ya mji ielekee ya kanda kwa vipande vile vya mpakani tu. Kuvuta tabaka zima kunapindisha mitaa iliyokuwa sahihi.

Ukaguzi wa mpakani

Hapa ndipo programu inapojilipa. Geuza poligoni ya mpaka kuwa mstari. Tumia "Line intersections" kati ya mpaka huo na mtandao wa mji, halafu kati ya mpaka na mtandao wa kanda. Unabaki na matabaka mawili ya nukta: milango ya mji na milango ya kanda. Yaoanishe kwa "Join attributes by nearest", jirani mmoja, umbali usiozidi mita 30, na uombe pia tabaka la wasiopata mwenza. Hilo la mwisho ndilo orodha ya njia zinazoning'inia. Rudia kwa mwelekeo wa pili, kwa sababu mlango wa kanda usio na mwenza mjini ni kasoro tofauti kabisa: kanda inatarajia kitu ambacho mji haujakipanga.

Waliopata mwenza nao wakaguliwe sifa. Daraja la barabara kwa majina ya mji na daraja kwa majina ya kanda huoanishwa kwa jedwali dogo la CSV (faili la maandishi), mistari kumi hadi ishirini hivi, lililokubaliwa na pande zote mbili. Kisha linganisha upana, idadi ya leni, kikomo cha kasi, aina ya njia ya baiskeli, na mwaka. Mwaka husahaulika. Mpango wa mji unaweza kuwa wa miaka kumi na wa kanda wa ishirini na tano; mstari wa kanda unaolingana na wako unaweza kuwa ni barabara isiyotarajiwa kujengwa hadi mpango wako utakapokuwa umekwisha. Safu mbili zinatosha, hali ya sasa na mwaka unaotarajiwa, lakini lazima ziwepo.

Ukimaliza, tumia Atlas ndani ya mpangilio wa kuchapa: ukurasa mmoja kwa kila nukta yenye kasoro, ramani ya 1:2000, jedwali dogo la sifa za pande zote mbili, nafasi ya uamuzi na sahihi. Kikao cha wahandisi wa halmashauri mbili kinakwenda haraka mbele ya kurasa hizo kuliko mbele ya ramani moja kubwa ukutani ambayo kila mtu anaisoma anavyotaka.

Baiskeli

Kwa barabara za mwelekeo mmoja tengeneza safu mpya ya baiskeli badala ya kutumia ile ya magari. Barabara yenye oneway=yes lakini oneway:bicycle=no inapitika pande zote kwa baiskeli, na usipoitenganisha utaripoti mapengo yasiyokuwepo. Kumbuka pia kubadili kasi ya kawaida ya zana: imewekwa 50 kwa saa, na baiskeli ya mjini ni karibu 15. Vikwazo vya kugeuka kwenye makutano zana za ndani hazivijui kabisa. Kwa baiskeli madhara ni madogo, kwa magari ni makubwa.

Umbali peke yake haumtoi mtu nyumbani na baiskeli. Kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha msongo wa trafiki chenye ngazi 1 hadi 4, kilichoandikwa na Mekuria, Furth na Nixon mwaka 2012. Kinaangalia kasi, idadi ya leni, kuwepo kwa njia ya baiskeli na makutano, na kanuni yake kuu ni kwamba safari ina ngazi ya kipande chake kibaya kuliko vyote. Ndani ya QGIS inatosha kuandika fomula ya CASE (fomula ya masharti) kwa vigezo hivyo, kuchuja ngazi ya 1 na 2, na kuendesha v.net.components, zana ya GRASS inayotenga sehemu za mtandao zisizoungana. Matokeo ni visiwa: kila kisiwa na namba yake. Ukivipaka rangi tofauti unaona kwa nini njia nzuri ya kilomita nne haina watu, kwani pande zote mbili inaishia kwenye barabara kuu ya kanda yenye leni sita. Kivuko kimoja pale kinaunganisha visiwa viwili, nacho kwa kawaida kiko chini ya mamlaka ya barabara kuu, si ya mji. Tabaka hilo ndilo la kupeleka kwenye kikao cha kanda.

Angalizo: kasi na idadi ya leni mara nyingi ni tupu kwenye OpenStreetMap. Fomula isiyo na tawi la thamani tupu itaipa barabara hiyo ngazi ya mwisho ya ELSE (tawi la yote yaliyobaki), iwe nzuri au mbaya, kimyakimya. Iandikie ngazi 9 na uihesabu.

Malori

Kwanza uzuri. Kutafuta mahali ambapo mradi wa mji wa kupunguza leni au kuweka njia ya baiskeli umelalia njia ya mizigo ya kanda ni kazi rahisi: bafa ya mita 15 kwenye njia ya mizigo, kisha "Intersection" na miradi ya mji. Mitaa inayovuka tu itaingia pia, kwa hiyo bakisha vipande vyenye urefu wa zaidi ya mita 60 ndani ya bafa. Mtaa unaovuka kwa pembe ya mraba hauwezi kuzidi mita 30 humo. Pale vilipobaki ndipo pa kujadili: je, leni ya mita 3 inatosha kwa gari lenye upana wa mita 2.55 bila vioo, na baiskeli itakaa upande gani wa sehemu ya kupakulia mizigo?

Baada ya hapo uwezo unaisha. Zana za njia fupi hazina dhana ya urefu wa gari kwenda juu, uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu) wala mizigo ya hatari. Unaweza kufuta kwa mkono vipande visivyopitika kisha ukatafuta njia, na kwa lori la aina moja hilo linafanya kazi. Kwa zaidi ya hapo tumia huduma ya nje. Openrouteservice, huduma ya mtandaoni ya kutafuta njia, ina wasifu wa malori, driving-hgv, unaokubali vipimo vya urefu, upana, kimo, uzito na ekseli, nayo hufikiwa kutoka QGIS kwa programu jalizi ya ORS Tools. Valhalla, programu huria ya kutafuta njia, nayo ina hesabu ya malori na inaweza kuwekwa kwenye seva yako, jambo zuri kwa wenye maswali mengi kwa siku. Angalia vipimo vyake vya kuanzia: kimo cha mita 4.11 na urefu wa mita 21.64 ni lori la Marekani. Ulaya kikomo cha kawaida ni mita 4 kwa kimo na urefu wa 16.5 kwa kichwa cha lori chenye tela lililokaa juu yake (semi-trailer). Weka vya kwako kabla ya kumwonyesha mtu ramani. Huduma zote mbili zinasoma OpenStreetMap, kwa hiyo daraja ambalo kimo chake hakijaandikwa zitalipitisha lori lolote. Kazi ya kupima madaraja na kuyaingiza haikwepeki.

Kingine kisichoonekana kwenye mstari ni kona. Lori lenye tela likigeuka, magurudumu ya nyuma hukata ndani ya njia ya yale ya mbele, na hapo ndipo mwendesha baiskeli aliyesimama ukingoni anapokuwa. QGIS inaona nukta ya makutano. Haioni eneo linalofagiliwa na tela. Peleka makutano yenye mgongano kwenye programu ya usanifu inayochora mkunjo wa lori, na usimruhusu mtu yeyote kupitisha nusu kipenyo cha kona kwa kutumia bafa.

Na ukihamisha malori kutoka barabara moja kwenda nyingine ili kupisha baiskeli, weka safu ya uharibifu wa lami. Majaribio ya barabara ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya Marekani) huko Illinois, yaliyoanza 1958, ndiyo yaliyozaa kanuni kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (uzito × uzito × uzito × uzito). Ekseli ya tani 10 inaumiza karibu mara 2.4 ya ile ya tani 8. Mtaa uliojengwa kwa magari madogo hauwezi kubebeshwa mzigo huo kwa sababu tu programu ya njia fupi imeupendelea.

Kufanya kazi watu wawili

GeoPackage ni faili zuri kwa mtu mmoja. Likiwekwa kwenye diski ya pamoja na watu wawili wakahariri, ujumbe wa hifadhidata kufungwa utatokea na mmoja atapoteza kazi. Kuna jingine la kimyakimya: mradi ukiwa wazi, mabadiliko hukaa kwanza kwenye faili dogo la -wal kando ya .gpkg. Anayenakili .gpkg peke yake na kuituma kanda anatuma data ya zamani. Funga mradi kwanza. Ofisi mbili zikishirikiana kwa kweli, wekeni PostGIS (hifadhidata ya ramani kwenye seva) tangu mwanzo, kila upande uhariri skima yake (sehemu yake ya hifadhidata) na usome ya mwenzake. Vipimo vya nje vichukuliwe kwa QField, programu ya simu inayotumia miradi ya QGIS, ili upana na kimo viingie kwenye safu zile zile badala ya daftari.

Je, kuna mbadala? ArcGIS Pro, programu ya kulipia ya kampuni ya Esri, ina zana za kulinganisha na kuhamisha sifa kati ya mistari isiyolaliana, pamoja na uchambuzi wa mtandao unaojua vikwazo vya kugeuka. Penye mistari maelfu isiyooana zana hizo zinaokoa wiki, lakini za kulinganisha zinahitaji leseni ya juu. Mji wenye milango hamsini mpakani hauna haja nazo; hizo utazimaliza kwa mkono, kipande kwa kipande, kabla maombi ya fedha za leseni hayajapitishwa.